TIPPU TIP NA KITI CHA UTETERA
Ukoo wake, usultani wake na warithi wake



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa zamani tunawaletea habari za mtu ambaye kila mzee wa Maniema amesikia jina lake. Watu wa pwani walimwita Tippu Tip. Wazee wetu walisema Mtipula. Jina alilopewa na wazazi wake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Wengi wetu tunajua kwamba alitafuta pembe za tembo na watumwa. Lakini si wengi wanaojua kwamba katika nchi yetu alipata usultani kwa njia ya ukoo, yaani kwa kusema kwamba yeye ni mjukuu wa nyumba ya kifalme ya huku huku kwetu.

Tumeona vema kulieleza jambo hili polepole. Hata leo, hapa Kalima, na Kindu, na Kasongo, watu wanagombana juu ya nani ni mtoto wa nchi na nani ni mgeni, nani ni wa kizazi cha wakubwa na nani ni wa kizazi cha mateka. Maneno hayo yanavunja ndoa, yanagawanya majirani, yanaingia hata kati ya watu wanaosali pamoja. Kwa hiyo tusome maisha ya mtu huyu kwa makini, tuone ukoo ulimpandisha namna gani, na mwisho wake ulikuwa nini.

JAMAA ALIMOZALIWA

Hamed alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Baba yake ni Muhammed, mwana wa Juma, mwana wa Rajab el Murjebi. Hao walikuwa Waarabu wa asili ya Omani waliokaa pwani ya Afrika Mashariki na kufanya biashara ya bara. Mama yake alikuwa binti wa Habib bin Bushir el Wardi. Tulishike jina hili la Habib bin Bushir, maana tutalikuta tena mbele.

Ijapokuwa jina lake lilikuwa la Kiarabu, sura ya Hamed ilikuwa ya Mwafrika, na wazungu waliomwona waliliandika jambo hilo. Si ajabu. Kwa sheria ya Waislamu, mwanamke mtumwa akizaa na bwana wake, mtoto ni mungwana, anabeba jina la baba na kurithi pamoja na ndugu zake. Hivyo katika nyumba nyingi za Zanzibar damu ya mama ilikuwa ya bara, lakini orodha ya ukoo ilitaja majina ya baba tu. Mama zao, waliochukuliwa mateka kutoka nchi kama yetu, hawakuandikwa po pote.

Baba yake Hamed aliijua sana nguvu ya ukoo. Alipokaa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa ndoa hiyo hakuwa tena mfanyabiashara wa kupita. Alikuwa mkwe wa nyumba ya utemi, na watu walimheshimu kama mkubwa wa nchi. Hamed aliliona jambo hilo akiwa kijana. Alijifunza kwamba bunduki zinafungua njia, lakini undugu unafungua mlango wa nyumba.

Tena alijionea kwao Zanzibar jinsi kiti kinavyoweza kugawanya nyumba. Sultani Said bin Sultan alipokufa mwaka 1856, wana wake hawakupatana. Majid alishika Zanzibar, Thuwaini alishika Omani, na mwaka 1859 Barghash alimwasi ndugu yake Majid, akashindwa. Barghash alikuja kukaa kitini mwaka 1870, baada ya kifo cha Majid. Wakati huo Hamed alikuwa bara, akitafuta utajiri wake.

KUTOKA SANDARUSI HADI PEMBE

Alianza biashara akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, akiuza sandarusi pwani pamoja na watu wa jamaa yake. Baadaye alifuatana na baba yake mpaka Unyanyembe, kisha akavuka ziwa Tanganyika kwenda nchi za Waluba, ambazo watu wa pwani waliziita Urua. Wahindi matajiri wa Zanzibar walimkopesha vitu; mmoja wao aliyejulikana sana ni Taria Topan. Alioa pia mwanamke tajiri wa jamaa ya el Barwani. Kwa hiyo mkopo, ndoa na undugu vilikwenda pamoja katika mambo yake.

Mwaka 1867 alipigana na Nsama, sultani mkubwa wa Itabwa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Watu walimwogopa Nsama, wakisema hashindwi. Tippu Tip alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zake zilishinda, na alikuta ghala kubwa la pembe. Mwaka huo huo Livingstone alikutana naye huko. Ni katika vita vya nchi hizo jina lake la Tippu Tip lilienea. Wengine wanasema ni mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni kwa sababu macho yake yalikuwa yakipepesapepesa.

Hata hivyo mtu aliyeshinda kwa bunduki peke yake alipaswa kupigana tena kila siku. Watu wanakimbia porini, mashamba yanabaki bila mikono, pembe zinafichwa. Tippu Tip alitaka nchi itakayomtii yenyewe. Hapo ndipo ilipotokea habari ya Utetera.

MJUKUU WA KASONGO RUSHIE

Karibu na mto Lomami alikuwako sultani mzee, jina lake Kasongo Rushie, aliyetawala nchi ambayo watu wa pwani waliiita Utetera. Nchi hiyo ilikuwa na watu wengi na pembe nyingi, na wageni wa pwani walikuwa hawajaizoea. Zamani, katika vita na mfalme wa Waluba, wanawake wa nyumba ya sultani walikuwa wametekwa na kupelekwa mbali, wala hawakurudi. Jamaa iliendelea kuwakumbuka. Ninyi mnaojua uchungu wa ndugu aliyepotea bila kaburi mnafahamu kwamba kumbukumbu ya namna hiyo haifi upesi.

Katika miaka ya kwanza baada ya 1870 Tippu Tip alifika kwa Kasongo Rushie, si kama adui, bali kama ndugu anayerudi. Alieleza kwamba babu yake mzaa mama, yule Habib bin Bushir, alisafiri zamani katika Urua, akamnunua mwanamke mmoja, akamchukua mpaka pwani. Mwanamke huyo akamzaa mama yake Hamed. Na mwanamke huyo, alisema, ni mmoja wa wale waliopotea katika nyumba ya Utetera. Kwa hiyo yeye Hamed ni mjukuu wa nyumba hiyo, amekuja kwa babu yake.

Mzee Kasongo Rushie alimpokea. Tena hakumpokea kama mgeni tu: alimwachia usultani. Watu wa nchi waliambiwa wamtii, mashauri yaliletwa mbele yake, na pembe zilipelekwa kwake. Mtu wa Zanzibar alilala mfanyabiashara, akaamka sultani wa Watetela, bila kupiga bunduki.

Je, maneno yake yalikuwa kweli? Habari hii tunaipata kwa Tippu Tip mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake. Wengi waliokichunguza kitabu hicho wanaona kwamba aliitunga: alisikia habari ya wanawake waliopotea, kisha akajiingiza ndani yake. Katika kitabu chenyewe hafichi kwamba neno hilo lilimletea faida kubwa. Lakini tuangalie pia upande wa pili. Wanawake wa bara walichukuliwa kweli mpaka Zanzibar, na walizaa kweli wana wa Kiarabu. Mtu akija na kusema bibi yake alitoka huku, hakuna aliyeweza kumkatalia kwa ushahidi, kwa maana mashahidi walikuwa wamekufa njiani au katika mashamba ya karafuu.

Kati ya wazee wetu mpwa si mgeni katika nyumba ya mjomba. Ana mahali pa kukaa, ana neno la kusema. Tippu Tip alipita kwenye mlango huo. Uchungu wa jamaa uliofanywa na biashara ya watumwa ndio ulimsaidia mfanyabiashara wa watumwa kupata kiti.

Jambo la namna hii si geni duniani. Aleksanda wa Makedonia alipoingia Misri mwaka 332 kabla ya Kristo, hakutosheka na ushindi. Alikwenda mpaka Siwa kwenye hekalu la Amoni, akatambuliwa kuwa mwana wa mungu huyo, kama walivyokuwa Mafarao. Baada yake Waptolemayo, ambao walikuwa Wayunani, walikaa katika kiti cha Mafarao mpaka mwaka 30 kabla ya Kristo. Na ninyi wasomaji wa Biblia mtamkumbuka Abimeleki, mwana wa Gideoni. Aliwaendea ndugu za mama yake kule Shekemu, akawakumbusha kwamba yeye ni wa damu yao, nao wakampa ufalme. Mnajua mwisho wake na mwisho wa Shekemu.

MJI WA KASONGO

Kutoka Utetera, Tippu Tip alifika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mji ambao wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuushika. Mji huo ulikuwa na kumbukumbu mbaya: tarehe 15 Julai 1871, Livingstone akiwa pale, watu wenye bunduki waliwapiga watu sokoni, na wengi waliokufa walikuwa wanawake, wengine kwa risasi, wengine kwa maji ya mto. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alimkuta Tippu Tip huko. Mwaka uliofuata Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake, na mwaka 1876 Stanley akafika. Kwa mapatano ya fedha Tippu Tip alimsindikiza kushuka mto, wakaachana mwisho wa mwaka huo.

Huko Kasongo utawala wake ulikuwa wa jamaa. Kando yake alikuwako Muhammed bin Said, aliyeitwa Bwana Nzige, na mwanawe Rashid. Alikuwako ndugu yake kwa mama, Muhammed bin Masud, aliyeitwa Kumbakumba. Alikuwako mwanawe Sefu. Upande wa Ujiji alikuwako mshiriki wake, Muhammed bin Khalfan el Barwani, aliyeitwa Rumaliza. Majina waliyopewa yanatuonyesha watu waliwaona namna gani: nzige anayekula shamba lote, na yule anayemaliza.

Chini yao walikuwako wakubwa wa bara. Aliyesikika kuliko wote ni Ngongo Lutete. Yeye alianza kama mtumwa, akapanda kwa ushujaa wake hata akawa mkubwa wa vita katika nchi za Lomami. Hakuwa na orodha ya babu wa kifalme ya kuonyesha. Alikuwa na nguvu ya mkono wake, na mkono huo ulimwaga damu nyingi.

Ni wajibu wetu kusema wazi nchi yetu ilivyolipa. Vijiji vilichomwa, watu walifungwa kwa minyororo na kubebeshwa pembe mpaka Tanganyika na pwani. Warega walishambuliwa, na Wasongola, na Wazimba, na Wabangubangu. Hata leo kule Ujiji, Kigoma, Tabora, Dar es Salaam na Bujumbura kuna watu wanaoitwa Wamanyema. Hao ni ndugu zetu waliokwenda na misafara hiyo, wengine kwa nguvu, wengine kwa biashara.

Lakini pia ni kweli kwamba mambo mengine yaliyotoka kwao tumeyafanya yetu. Mchele tunaokula ulienea Maniema pamoja na watu hao. Na lugha hii ya Kiswahili tunayoandikia, ambayo wazee waliita Kingwana, ilipita njia ile ile waliyopita mateka. Mmoja asiseme kwa hiyo kwamba watumwa walilipwa. Tunasema tu kwamba Mungu hakukiacha kinywa cha mateka bila lugha ya kumwomba.

PEMBE YA SULTANI NA PEMBE YA KINDI

Sisi wa Kalima tunakaa katika nchi ya Warega. Warega hawakuwa na mfalme mmoja wala kiti kimoja. Walikuwa na bwami. Mtu alipanda ngazi za bwami kidogo kidogo, kwa msaada wa jamaa yake, kwa mafundisho ya methali na nyimbo, na kwa mwenendo uliotazamwa na watu wote. Ngazi ya juu kabisa ni kindi. Jamaa kubwa haikutosha kumfanya mtu kuwa kindi; ilibidi tabia yake ishuhudiwe.

Kindi nao walikuwa na pembe za tembo, zilizochongwa sura ndogo za watu. Kindi akifa, vitu hivyo havikuuzwa. Vilipokelewa na ndugu atakayepanda baada yake, navyo vilikuwa ukumbusho wa wale waliotangulia na wa mafundisho yao. Pembe ile ile kwa Tippu Tip ilipimwa kwa mizani, ikafungwa, ikawekwa begani mwa mateka, ikaishia Zanzibar na Ulaya. Kwa mmoja pembe iliunganisha wafu na walio hai. Kwa mwingine ilitenganisha mama na watoto.

Hatuandiki hivi ili kusema Warega ni bora kuliko Watetela au Waluba. Kila kabila lina mazuri yake na maovu yake. Tunataka tu vijana wetu wajue kwamba katika nchi hii hii kulikuwa na namna mbili za kurithi: kurithi kwa kudai damu, na kurithi kwa kushuhudiwa.

KAZI YA MFALME LEOPOLD

Katika miaka ya 1880 wazungu walianza kugawana Afrika. Sultani Barghash wa Zanzibar hakuwa na nguvu ya kuwazuia. Mwaka 1886 kulikuwa na vita kwenye kituo cha Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, na watu wa Dola Huru ya Kongo walifukuzwa. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliona ni heri kumchukua Tippu Tip kuliko kupigana naye. Mwezi wa Februari 1887, kule Zanzibar, Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kisha alisafiri na Stanley kwa meli, wakizunguka kusini ya Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo.

Tuone mabadiliko hayo. Kule Utetera alikuwa sultani kwa jina la bibi yake. Huku alikuwa mtu wa mshahara kwa sahihi ya karatasi. Mwenye kumpa kazi anaweza kumwondoa, wala hakuna mjomba wa kumtetea.

WARITHI

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Kongo, na mwaka 1891 alifika Zanzibar. Hakurudi tena. Aliyoyaacha yaligawanyika mikononi mwa watu wa jamaa: Sefu mwanawe alikaa Kasongo, Rashid alikaa upande wa Stanley Falls, Rumaliza alikuwa Tanganyika. Hapakuwa na mmoja aliyekubaliwa na wote. Mzee alipokuwapo, yeye ndiye aliyewaunganisha. Alipoondoka, kila mmoja alishika upande wake.

Vita vilianza mwaka 1892. Mwezi wa Septemba mwaka huo Ngongo Lutete alimwacha Sefu, akajiunga na majeshi ya Dola yaliyoongozwa na Dhanis. Hapo nyumba ya Tippu Tip ilipoteza mikono yake katika Lomami. Sefu alishindwa mwezi wa Novemba. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Mwezi wa Oktoba 1893 Sefu aliuawa vitani. Mwezi wa Januari 1894 Rumaliza alishindwa, akakimbilia nchi ya Wajeremani. Rashid naye alijitoa mikononi mwa Dola, akahamishwa mbali.

Ngongo Lutete hakupata faida ya usaliti wake. Maofisa wa Dola walimshitaki kwamba anapanga hila, wakamhukumu upesi, wakampiga risasi kule Ngandu tarehe 15 Septemba 1893. Wengi wa askari wake waliotiwa katika jeshi la Dola hawakusahau. Mwezi wa Julai 1895 waliasi kule Luluabourg, na uasi huo ulisumbua Dola kwa miaka mingi.

Hivyo katika miaka isiyofika 25 tangu siku ile ya Kasongo Rushie, usultani uliopatikana kwa ukoo ulikwisha kwa kukosa mrithi. Na yule aliyechukua mahali pake, Mfalme Leopold, naye hakuwa na mwana wa kumrithi. Mwanawe wa kiume wa pekee wa ndoa alikufa mtoto mwaka 1869. Mwaka 1908 alilazimika kuitoa Kongo kwa Ubelgiji, na mwaka 1909 alipokufa, kiti chake kilikwenda kwa Albert, mwana wa ndugu yake. Mbele ya kaburi, mwenye pauni na mwenye pembe walikuwa sawasawa.

MIAKA YA MWISHO

Tippu Tip aliishi Zanzibar akiwa tajiri mwenye mashamba na nyumba kubwa mjini. Lakini habari zilizomfikia kutoka bara zilikuwa za msiba: mwana amekufa, mji umeanguka, pembe zimechukuliwa. Pamoja na hayo, yeye na Rumaliza, waliokuwa washiriki, walifikishana mbele ya hukumu kwa sababu ya mali.

Katika miaka hiyo aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjeremani mmoja, Heinrich Brode, aliyaweka katika herufi tunazotumia sisi, yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kimoja cha vitabu vya kwanza ambamo mtu wa Kiswahili anaeleza maisha yake mwenyewe. Habari ya bibi wa Utetera imo. Mwezi wa Juni 1905 Tippu Tip alikufa. Nyumba yake katika mji wa zamani wa Zanzibar ingali inaonyeshwa. Upande wetu, mahali pa mji wa zamani wa Kasongo panaitwa Tongoni, yaani mahali pa mahame.

NENO KWETU SISI

Ndugu wapendwa, baada ya vita hivyo jamaa nyingi zilibaki na majina mapya. Watu wa babu mmoja waligawanyika: wale wa upande wa Lomami wakaitwa Watetela, wale wa upande wa Maniema wakaitwa Wakusu. Wengine wakaitwa Wangwana kwa sababu ya nguo na desturi za pwani. Wengine walioletwa mateka walikaa katika kijiji cha bwana wao, wakaoa, wakaolewa, wakazaa, na wajukuu wao ndio majirani zetu. Baadaye kazi ya migodi ya kasiterite ilileta watu wa makabila mengi hapa Kalima. Ni nani kati yetu anayeweza kusimama na kusema kwamba katika ukoo wake hakuna mateka hata mmoja, wala mtekaji hata mmoja?

Tunasikia katika magomvi mtu akimwambia mwenzake kwamba yeye ni mzao wa mtumwa. Anayesema hivyo afikiri kwanza. Mtumwa hakufanya kosa kwa kufungwa mnyororo. Aliyefunga ndiye mwenye kosa. Na tunasikia mwingine akijisifu kwamba babu zake walikuwa masultani. Naye afikiri. Kasongo Rushie alikuwa sultani kweli, na kwa neno moja la undugu alitoa nchi nzima.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi mambo mawili. La kwanza, waambieni watoto wenu majina ya babu na bibi zao, na mkiweza, yaandikeni katika daftari. Msiache majina ya wanawake, kama walivyofanya wale wa pwani. Kama bibi alikuja mateka kutoka kabila lingine, andikeni hivyo bila haya, na jina la kijiji chake kama mnalijua. Jamaa iliyoandika hivyo haitadanganywa upesi na mtu anayekuja na habari tamu.

La pili, yanapotokea mashauri ya kiti, cha kijiji au cha kazi yo yote ya watu, msiulize ukoo peke yake. Ulizeni pia ushuhuda. Mtu huyu amekaaje na majirani? Alifanya nini na mali ya wengine? Mjane alimwendea, akarudi namna gani? Watetela waliuliza tu bibi wa mgeni alikuwa nani. Hawakuuliza mapema watu wa Itabwa alikotoka walimwonaje.

Wale wanawake wa nyumba ya Utetera waliochukuliwa vitani hatujui kaburi lao. Labda mmoja alifika pwani kweli, labda alizaa, labda wajukuu wake wanaishi Zanzibar au Omani bila kujua Lomami ni nini. Mungu anawajua kwa majina. Siku tunapowaombea wafu wetu hapa Kalima, tuwakumbuke na wao, kwa maana katika habari hii yote wao ndio walikuwa wenye kiti kwa haki, na hakuna aliyewauliza neno.

Amani ikae katika nyumba zenu.